Mbio za nyika kwenye baridi: mambo ya kuzingatia kabla ya bastola kulia

Kila mwaka, ikikaribia Agosti, vijana wetu kutoka Iten, Kapsabet, Mbulu na Arusha hupanda ndege kwenda kusoma na kukimbia katika vyuo vya Marekani. Wanafika joto likiwa bado kali, wanaanza msimu Septemba na kaptula na fulana, mambo yanawaendea vizuri. Kisha inaingia Novemba, mwezi wa mashindano yenyewe: ya kanda kwanza, halafu ya taifa, kilomita 10 kwa wanaume na 6 kwa wanawake, mara nyingi katika miji kama Terre Haute kule Indiana au Madison kule Wisconsin. Hapo ndipo wengi hukutana na baridi wasiyoijua.

Baridi ya alfajiri ya Iten tunaifahamu, ile inayoondoka jua likichomoza. Ya Wisconsin haifukuzwi na jua. Jua linawaka, na vidole havina habari.

Nimekimbia huko misimu minne, na jambo moja ndilo ningependa mdogo wangu aondoke nalo: baridi humpata mkimbiaji akiwa amesimama. Ukikimbia kwa kasi ya mashindano, sehemu kubwa ya nguvu unazochoma, kama robo tatu hivi, hugeuka kuwa joto, na ukifika kilomita ya pili mwili umeshajitosheleza. Madhara hufanyika katika dakika za kabla ya kuanza na zile za baada ya kumaliza. Kwa hiyo maandalizi mengi yahusu kusimama.

Anza na kifua, na uanze wiki kadhaa mapema. Hewa ya baridi ni kavu. Ukiivuta kwa kasi hukausha njia za pumzi, na kwa baadhi ya watu njia hizo hubana: kifua kinapiga filimbi, kikohozi hakikatiki baada ya mazoezi. Wengi wetu hudhani ni mafua au kukosa pumzi za kutosha, wakavumilia. Usivumilie. Mwone daktari wa timu apime. Dawa ya kuvuta kama salbutamol inaruhusiwa kwa wanamichezo ndani ya kiwango kilichowekwa, lakini itumie kwa maelekezo ya daktari, wala usiazime kopo la mwenzako.

Utabiri wa hewa usome wote, upepo pia. Nyuzi sifuri zenye upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi huzihisi kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Zikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30, unahisi kama nyuzi 13 chini. Viwanja vingi vya nyika ni uwanda mtupu, hakuna mti wa kukukinga. Mvua ikiongezeka ndiyo hatari zaidi, maana maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa mara nyingi sana. Mimi huiogopa siku ya nyuzi 3 yenye mvua kuliko siku kavu ya theluji.

Nguo za pamba ziache bwenini. Pamba ikilowa hubaki imelowa. Ndani vaa fulana nyembamba ya kubana isiyo ya pamba, juu yake fulana ya timu, kisha traksuti na koti la kuzuia upepo la kuvua mwishoni. Glavu na kofia ya kufunika masikio ni za lazima; glavu unaweza kuzitupa kando ya njia ukishapata joto. Miguuni na usoni paka mafuta ya mgando kidogo, yanasaidia upepo usichome ngozi. Na kila kitu kiwe pea mbili: ya kupashia mwili, ambayo italowa jasho, na kavu ya kubadilisha.

Namba ya kifuani ibandike kwa pini usiku, ukiwa chumbani. Asubuhi vidole vikishakufa ganzi, pini nne zinakula dakika kumi.

Viatu vinahitaji uamuzi wa siku hiyohiyo. Beba spaiki, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, za urefu tofauti, za milimita 9, 12 na 15. Tope laini linataka ndefu. Ardhi iliyoganda inataka fupi, kwa sababu ndefu haziingii, zinakusukuma unyayo na unakimbia kama umekanyaga kokoto. Tembea njia nzima kabla, hasa kwenye kona na miteremko. Tope lililokanyagwa jana likaganda usiku huwa gumu kama jiwe, na mifereji yake huvunja vifundo. Theluji laini nayo hushikamana chini ya kiatu. Jaribu mita mia mbili ukiwa umevaa viatu vyenyewe vya spaiki uone.

Sasa dakika za mwisho. Mwaka wangu wa kwanza nilivua traksuti walipovua wenzangu, kama dakika kumi kabla. Mbio zikachelewa kuanza. Nilisimama pale na fulana, upepo ukipiga, na bastola ilipolia mapaja yalikuwa kama magogo. Msuli wa baridi hukunjuka polepole na nguvu zake hupungua. Kilomita mbili za kwanza nilizitumia kupasha kile nilichokuwa nimeshakipasha. Waliokuwa mbele sikuwaona tena.

Kwa hiyo: anza kupasha mwili mapema, dakika 45 hadi 50 kabla, na urefushe mbio za polepole za kupasha kuliko ulivyozoea nyumbani. Funga kamba za viatu fundo mara mbili ungali na vidole vyenye uhai. Vua traksuti zikibaki dakika tatu au nne, na hata hapo usitulie. Rukaruka, kimbia mbio fupifupi mbele ya mstari. Wakitangaza kuchelewa, vaa tena bila kuona haya. Kocha au mwenzako asiyekimbia abaki karibu na koti lako mpaka mwisho.

Katika mbio zenyewe, sahau saa. Hewa ya baridi ni nzito na njia ni mbaya, hivyo pima juhudi, na upepo ukiwa wa mbele jifiche nyuma ya kundi. Wetu wameshinda katika hali hizo: Mkenya John Ngugi alichukua taji lake la tano la dunia la mbio za nyika Boston mwaka 1992 kwenye theluji, na mwaka 2013 kule Bydgoszcz, Poland, Mkenya mwenzake Japhet Korir alishinda taji hilohilo juu ya theluji na barafu akiwa na miaka 19 tu.

Ukimaliza, joto hukukimbia kwa kasi ya ajabu, kwa sababu umelowa na umesimama. Vua fulana iliyolowa kwanza, vaa kavu, kofia, koti, ndipo usalimiane na watu na kuuliza matokeo. Kunywa kitu cha moto hata kama husikii kiu; baridi huficha kiu. Mtazame na mwenzako. Akitetemeka sana mpeleke ndani. Akiwa anapepesuka, maneno yanamwishia mdomoni, au ameacha kutetemeka na bado ana baridi, huenda joto lake limeshuka chini ya nyuzi 35: ita wahudumu mara moja, mvue vilivyolowa, mfunike blanketi.

Begi lipange kwa mpangilio huo. Soksi kavu ziwe juu kabisa.