Spana chache za maana kuliko boksi la vipande mia

Kama unafungua gari mwenyewe nyumbani, achana na lile boksi la vipande mia linalopitishwa kwenye foleni. Nunua spana chache za maana: namba 10, 12, 14, 17, na 21 ya nati za tairi. Toyota nyingi za hapa mjini kazi zake za kawaida zinaishia hapo. Soketi chukua ya pembe 6, siyo 12; inashika nati ubavuni, haili kona. Tafuta maandishi ya Cr-V (yaani chuma cha chrome vanadium) kwenye chuma chenyewe, ingawa Kariakoo hata feki zinaandikwa, kwa hiyo ijaribu kwenye nati kwanza: ikicheza, rudisha. Mimi spana laini ilinilia bolti ya breki, fundi akaitoa kwa kuchomelea. Kwenye jeki ndiyo usibanie hela kabisa, na usiingie chini ya gari bila stendi za kulishikilia.