Namna ya Kulinganisha Akiba ya Fedha za Kigeni ya Nchi Mbalimbali

Orodha za nchi zenye akiba kubwa ya fedha za kigeni hupatikana kwa urahisi mtandaoni, na karibu zote huanza na China yenye zaidi ya dola trilioni 3, ikifuatiwa na Japani yenye zaidi ya trilioni 1, kisha Uswisi. Tarakimu hizo si za uongo, ila hazijibu swali ambalo wasomaji wengi huwa nalo moyoni, yaani ni nchi ipi ingeweza kuendelea kulipia mafuta, ngano, dawa na madeni yake iwapo dola zingeacha kuingia kwa miezi kadhaa. Ili swali hilo lijibiwe, tarakimu ya kila nchi inapaswa kufanyiwa kazi kidogo kabla ya kuwekwa kando ya nyingine, na kazi hiyo haihitaji zaidi ya jedwali la kompyuta na subira ya kusoma tanbihi.

Anza kwa kuhakikisha kwamba unahesabu kitu kilekile pande zote. Kwa tafsiri ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, akiba ni mali za nje zilizo chini ya mamlaka ya fedha ya nchi na zinazoweza kutumika bila kuchelewa: fedha taslimu, amana na hatifungani za sarafu za kigeni, dhahabu, haki maalumu za kuchukua fedha zijulikanazo kama SDR (mali ambayo IMF huiunda na kuwagawia wanachama wake), na sehemu ya mchango wa nchi ambayo inaweza kuichukua kutoka IMF wakati wowote. Dola za wateja zilizo katika benki za biashara hazimo. Mifuko ya uwekezaji ya taifa nayo kwa kawaida haimo, na ndiyo maana Norwe, ambayo mfuko wake wa mapato ya mafuta una thamani ya zaidi ya dola trilioni 1, huonekana kuwa nchi ya kawaida tu katika orodha za akiba. Aidha, nchi nane za Afrika Magharibi zinazotumia faranga ya CFA huweka akiba yao kwa pamoja katika benki kuu moja, BCEAO, hivyo kuitenga Senegali na kuilinganisha na Ghana ni kulinganisha chumba na nyumba nzima.

Chagua tarehe moja na chanzo kimoja. Benki ya Dunia hutoa takwimu za kila mwaka katika misururu miwili, mmoja ukiwa na dhahabu na mwingine bila dhahabu, na makosa mengi huanzia pale mtu anapochukua nchi moja kutoka msururu wa kwanza na nyingine kutoka wa pili. Ukitaka takwimu za karibuni zaidi, nenda kwenye taarifa za benki kuu zenyewe. Benki Kuu ya Kenya hutangaza akiba kila wiki na Benki Kuu ya Tanzania huitaja katika mapitio yake ya uchumi ya kila mwezi. Hata hivyo, usiweke tarakimu ya wiki iliyopita mbele ya tarakimu ya mwisho wa mwaka jana.

Dhahabu inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu bei yake hutegemea nani anayeandika vitabu. Hazina ya Marekani ina takriban tani 8,133, sawa na aunsi milioni 261.5, na katika vitabu vyake kila aunsi bado huhesabiwa kwa dola 42.22, bei ya kisheria tangu miaka ya 1970, jambo linalofanya mlima huo wote uonekane kuwa wa dola bilioni 11 hivi. Kwa bei ya soko ya dola 2,000 kwa aunsi, ambayo imekwisha kupitwa, dhahabu hiyohiyo ingefikia dola bilioni 523. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha, tafuta kama nchi inatumia bei ya kitabu au ya soko, na ukishindwa kujua, tumia msururu usio na dhahabu.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ni kutenganisha akiba ghafi, yaani jumla inayotangazwa, na akiba halisi, yaani kinachobaki baada ya kuondoa ahadi na madeni ya muda mfupi. Thailand ya mwaka 1997 ndiyo mfano unaopaswa kusomwa na kila anayeshughulikia jambo hili. Benki kuu yake ilitangaza akiba ya zaidi ya dola bilioni 30, lakini katika juhudi za kuitetea sarafu yake, baht, ilikuwa imekwisha kujifunga kwa mikataba ya kuuza takriban dola bilioni 23 katika tarehe za baadaye, na ahadi hizo hazikuonekana katika tarakimu iliyotangazwa. Tarehe 2 Julai 1997 baht iliachiwa ielee, yaani thamani yake ipangwe na soko. Sri Lanka nayo, mwishoni mwa Machi 2022, ilitangaza akiba ya takriban dola bilioni 1.9, ambapo takriban bilioni 1.5 zilikuwa yuani za mkataba wa kubadilishana sarafu na China, zenye sharti kwamba zisitumike mpaka nchi iwe na akiba ya kutosha uagizaji wa miezi mitatu. Fedha za kutumiwa na asiyezihitaji! Mwezi uliofuata nchi hiyo ilitangaza kusitisha malipo ya madeni yake ya nje. Nigeria ilimaliza mwaka 2023 ikiwa na akiba ghafi ya takriban dola bilioni 33, lakini baadaye benki kuu yake ilieleza kwamba baada ya kuondoa ahadi na madeni ya muda mfupi, akiba halisi ilikuwa takriban bilioni 4.

Mahali pa kuzitafuta ahadi hizo pameandaliwa. Baada ya msukosuko wa fedha wa Asia ulioanzia Thailand, IMF iliandaa mwaka 1999 jedwali maalumu la akiba ambalo nchi nyingi hulijaza kila mwezi. Sehemu yake ya kwanza hueleza mali zilizopo. Sehemu ya pili huonyesha fedha ambazo tayari zimepangiwa kutoka ndani ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 12. Soma sehemu ya pili kwanza. Kwa nchi zisizolijaza, tumia hesabu za benki kuu zilizokaguliwa pamoja na ripoti ambazo IMF hutoa inapopitia mikopo yake kwa nchi husika.

Ukishapata akiba inayoweza kutumika kweli, igawanye kwa mahitaji. Kipimo kinachofahamika zaidi ni miezi ya uagizaji. Mwisho wa mwaka 2023 Tanzania ilikuwa na takriban dola bilioni 5.45, zilizotosha uagizaji wa bidhaa na huduma kwa miezi 4.5. Wakati huohuo Kenya ilikuwa na takriban bilioni 6.6, zilizotosha karibu miezi 3.5, chini ya kiwango cha miezi 4 ambacho benki kuu yake hupaswa kujitahidi kukidumisha. Kenya ilikuwa na dola nyingi zaidi na kinga ndogo zaidi. Geuza hesabu uone: 5.45 ukigawanya kwa 4.5 ni takriban bilioni 1.21 kwa mwezi, na 6.6 kwa 3.5 ni takriban bilioni 1.89. Zoezi hili la kurudi nyuma lina faida, kwa kuwa hufichua kigawanyo ambacho kila benki kuu imetumia. Benki Kuu ya Tanzania hugawanya kwa makadirio ya uagizaji ujao, ilhali zipo nchi zinazotumia wastani wa miezi iliyopita, na nyingine huacha huduma nje. Ulinganisho makini huchukua kigawanyo kimoja na kukokotoa upya kwa nchi zote.

Miezi ya uagizaji, hata hivyo, haioni madeni. Kanuni iliyopewa majina ya Pablo Guidotti, mchumi wa Argentina, na Alan Greenspan, aliyekuwa mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, hutaka akiba itoshe kulipa deni lote la nje linaloiva ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilikuwa na hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni 2024, na hofu kuhusu malipo hayo ilichangia kuisukuma shilingi hadi karibu 160 kwa dola moja Januari mwaka huo. Februari Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 mpya na kuanza kuinunua ile ya zamani, na katika miezi iliyofuata shilingi ilirejea karibu 130.

Angalia pia mfumo wa sarafu. Omani na Saudi Arabia zimefunga sarafu zao kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, hivyo zinahitaji akiba kubwa kuliko nchi ambayo sarafu yake huelea. Kipimo cha IMF cha utoshelevu huliweka hilo wazi: mapato ya mauzo ya nje hupewa uzito wa asilimia 5 kwa sarafu inayoelea na asilimia 10 kwa iliyofungwa. Marekani, inayokopa kwa sarafu yake yenyewe, haifai hata kuwekwa katika jedwali moja na hizo.

Unapolinganisha mabadiliko ya mwaka hadi mwaka, tenga kilichoingia na kilichobadilika bei. Agosti 2021 IMF iligawa SDR zenye thamani ya dola bilioni 650, na kwa siku moja Kenya ikapata takriban milioni 740 na Tanzania takriban milioni 540 bila kuuza hata gunia moja la kahawa zaidi. Benki kuu ya Uswisi, kwa upande wake, ilipata hasara ya takriban faranga bilioni 132 mwaka 2022, nyingi ikitokana na kushuka kwa bei za hatifungani na hisa ilizokuwa nazo nje.

Safu ya mwisho ya jedwali lako iwe ya mahali mali zilipo. Urusi iliingia Februari 2022 ikiwa na zaidi ya dola bilioni 600, na ndani ya siku chache karibu nusu yake ikazuiliwa na nchi za Magharibi. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa hasa dhahabu iliyo ndani ya nchi na yuani. Kwa nchi ambayo benki kuu yake haichapishi mgawanyo wa sarafu au wa mahali, acha kisanduku hicho kitupu badala ya kukisia.