Hilux ya mizigo: kuituliza nyuma bila kuharibu breki

Mwongozo huu ni wa Toyota Hilux yenye springi za pleti nyuma, ile inayopakia saruji, mahindi au maji karibu kila siku. Hatua ya 6 hurukwa sana gereji, na kosa lake halionekani mpaka siku gari likiwa na mzigo kwenye mteremko. Usiiruke.

1. Jua uzito

Tafuta kibati cha gari, usome uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ni cha mzigo na watu kwa pamoja. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 1,000, na dereva na utingo wake bado hujawahesabu. Tanki la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji, mbali na uzito wa tanki lenyewe. Hakuna springi inayoongeza uzito unaoruhusiwa. Ekseli, beringi, breki na chesisi ni vilevile vya zamani.

2. Panga mzigo

Vitu vizito visogee kwenye ukuta wa mbele wa bodi, chini, na uzito mwingi uwe mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukining'inia nyuma ya ekseli unanyanyua pua, usukani unakuwa mwepesi, na tairi za mbele zinakosa mshiko kwenye kona.

3. Tairi

Angalia namba ya mzigo ubavuni mwa tairi: 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, 112 ni kilo 1,120 kwa kila tairi. Nunua zenye C au LT, yaani tairi za magari ya mizigo. Tairi za gari dogo zina ubavu laini, na gari litayumba hata ukiweka springi mpya. Jaza upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha kwenye kibati cha mlangoni.

4. Kagua vilivyochoka

Bushi, sheko (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi), senta bolti (inayopita katikati ya pleti zote), pleti yenye ufa. Pleti iliyopasuka haichomelewi, inabadilishwa. Ukiichomelea, moto unaua ugumu wa chuma na itakatika pembeni ya mshono.

5. Ongeza pleti

Pleti moja kila upande inatosha kwa pikapu inayorudi tupu. Ukiweka tatu, gari tupu litadundadunda mpaka tairi ziachie barabara kwenye makorongo. Mifuko ya upepo nayo inafaa kwa mzigo unaobadilika, ila kila upande uwe na bomba lake. Ukiunganisha bomba moja, kwenye kona upepo unakimbilia mfuko wa pili na gari linalala zaidi.

Kabla ya kufungua chochote, simamisha gari tupu pahali tambarare, upime kwa futi kamba kutoka katikati ya tairi ya nyuma hadi ukingo wa madigadi. Andika namba hiyo. Utaihitaji hatua inayofuata.

Weka chesisi kwenye stendi, ekseli ishikwe na jeki. Bana pleti kwa klempu mbili kabla ya kufungua senta bolti, maana zikiachia ghafla zinavunja vidole. Tumia yubolti mpya, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Za zamani zimeshavutika. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Bolti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa tairi zake, la sivyo bushi itabaki imejipinda na kuchanika mapema. Rudia kukaza yubolti baada ya kilomita 100, kisha 500.

6. Valvu ya breki inayohisi mzigo

Hilux nyingi, hasa zisizo na ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga ukikanyaga breki), zina valvu kwenye chesisi karibu na ekseli ya nyuma, na fimbo ndefu iliyofungwa kwenye ekseli. Gari likibonyea, fimbo inaisukuma valvu, na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari likiwa tupu, presha inapunguzwa ili tairi za nyuma zisifunge.

Sasa tuseme springi mpya zimeinua nyuma kwa milimita 40. Valvu inadhani gari ni tupu kumbe lina tani moja. Breki za mbele zinafanya karibu kazi yote, zinachemka, na gari linachelewa kusimama.

Pima tena ukingo wa madigadi. Kama tofauti ni milimita 40, inua kishikio cha fimbo pale kwenye ekseli kwa milimita 40 zilezile, kwa kibati kigumu chenye bolti. Pima tairi zikiwa chini. Ekseli ikining'inia kwenye jeki vipimo vyote ni vya uongo. Usipinde fimbo. Nati ikiwa na kutu, ipulizie mafuta ya kulegeza usiku kucha, usiichome kwa gesi.

Hapo umerekebisha hali ya gari tupu tu. Springi ngumu inabonyea kidogo: kama zamani kilo 1,000 zilishusha nyuma milimita 90 na sasa zinashusha 60, valvu bado inatoa presha pungufu. Dawa kamili ni geji mbili za presha, moja mbele na moja nyuma, ukilinganisha na kitabu cha gari. Mwenye gereji yenye geji hizo anastahili hela yake.

Usikubali fimbo ifungwe juu kwa waya ili breki za nyuma zishike daima. Siku ya mvua, gari tupu, tairi za nyuma zitafunga kwanza na gari litageuka lenyewe. Jaribu kwenye barabara isiyo na watu, kilomita 40 kwa saa, gari tupu: tairi za mbele ndizo zifunge kwanza.

Funua pia raba ya valvu. Ukikuta unyevu wa mafuta ya breki, valvu imekwisha. Ukitoa upepo kwenye mfumo, usisahau nipo (kitundu cha kutolea upepo) ya valvu yenyewe, kama ipo.

7. Shokapu na taa

Springi ngumu inarudi kwa nguvu, kwa hiyo shokapu iliyochoka itaachia gari liendelee kucheza baada ya kila tuta. Badilisha mbili kwa pamoja. Ekseli ikining'inia, hakikisha shokapu haijavutika mpaka mwisho. Ikiwa imefika mwisho, tafuta ndefu zaidi. Kisha pakia mzigo wa kawaida na upange taa upya, upande wa kulia na wa kushoto.