Kufukua Tope Bila Kujiangamiza: Kwa Wanaofanya Kazi Baada ya Maporomoko

Tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang, Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023 liliingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani likiwa na mawe na magogo, likaua watu zaidi ya 80. Kuondoa tope la namna hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Siku za mwanzo hamasa huficha njaa na maumivu. Baadaye uchovu huja wote kwa mkupuo. Kwa hiyo pangeni mapumziko siku ya kwanza, wakati bado hakuna anayeyataka.

Zamu isizidi saa 12, na kila mtu apate siku moja nzima ya kupumzika kwa wiki. Kwenye daftari andikeni jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la mwenzake, kwa sababu mnafanya kazi wawiliwawili. Mwangalie mwenzako: anauliza jambo lile lile mara tatu, anafoka kwa kitu kidogo, amevua glavu bila kujua, au amenyamaza ghafla. Ukiona mawili kati ya hayo, mtoe kwenye tope. Usimwulize kama anaweza kuendelea, maana atasema anaweza. Mwambie, "Kaka, nipe hilo koleo, kakae kivulini unywe maji." Kisha apewe kazi ya kusajili watu au kugawa vifaa. Kiongozi wa zamu naye awe na wa kumwambia hivyo; mara nyingi yeye ndiye asiyepata usingizi kabisa.

Ukiwa juani, kunywa robo lita ya maji kila dakika 20, hata bila kiu. Anayeharisha apewe chumvichumvi za pakiti. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usikadirie kwa mkono: chumvi ikizidi inadhuru.

Vaa gambuti na glavu nene. Misumari na mabati hayaonekani ndani ya tope. Ukichomwa, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, kisha nenda zahanati siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya pepopunda.

Miili ya marehemu inahitaji utaratibu wake. Waliouawa na maporomoko kwa kawaida hawaleti mlipuko wa magonjwa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzika haraka kabla ndugu hawajawatambua. Wachaguliwe wachache waliokubali kwa hiari, na vijana wadogo wasipewe kazi hii. Kinachomvunja mtu mara nyingi ni vitu vidogo: kiatu kimoja cha mtoto, daftari la shule lenye jina. Akili inakimbilia kwa mwanao. Basi usipekue, usisome, usifungue picha za simu. Tia kitu ndani ya mfuko wa kuhifadhia, andika juu yake namba, mahali na saa, umkabidhi mhusika.

Zamu ikiisha, oga na ubadili nguo kabla ya kula, kisha kaeni pamoja kwenye chai. Anayetaka kuongea asikilizwe. Msimlazimishe kila mtu kusimulia alichoona. Kulazimishwa kunaweza kumzidishia mzigo. Pombe humletea mtu usingizi upesi, kisha inaukatakata usiku wa manane.

Wenyeji waliofiwa au kupoteza nyumba waruhusiwe kwanza kushughulikia ya kwao, hata wakisisitiza kubaki.

Ndoto mbaya na kushtuka ovyo kwa kawaida hupungua taratibu. Vikidumu zaidi ya mwezi, au mtu hawezi kazi wala kukaa na familia, aende hospitali yenye huduma ya afya ya akili. Anayesema afadhali afe apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake hata kidogo mpaka afike mbele ya mhudumu.