Somo: Kupunguza Upotevu wa Chakula Jikoni Wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya

Ndugu wanachama, ifikapo wiki ya tatu ya Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam huwa yamejaa watu wanaopanda Kibosho, Machame na Rombo, na jikoni hapa Moshi tunapikia wageni ambao hatujui watakuwa wangapi hadi wafike. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, kati ya chakula chote kilichotupwa duniani mwaka 2022 majumbani, migahawani na madukani, asilimia 60 kilitoka majumbani. Maoni yangu ni kwamba kiporo tunakilaumu bure, kwa sababu hasara huanza pale tunapopika kwa mkupuo mmoja chakula ambacho kingeweza kusubiri kikiwa kibichi.

Hatua ya kwanza: hesabu walaji kwa kila mlo. Kabla ya kwenda Soko la Mbuyuni, andika nani atakula mchana, nani atakula usiku na nani atakuwa ukweni siku hiyo. Kilo moja ya mchele huwatosha watu wazima wanane hadi kumi ikiwa kuna ndizi, nyama na kachumbari pembeni.

Hatua ya pili: mkungu wa ndizi ukatwe unapohitajika, kisha utundikwe kivulini, mbali na parachichi na ndizi zilizokwisha kuiva, kwa kuwa matunda mabivu hutoa hewa inayoharakisha kuiva kwa mengine.

Hatua ya tatu: mbuzi akichinjwa, utumbo, maini na damu ya kisusio (supu ya damu ya Kichagga) vitumike siku hiyo hiyo. Nyama inayobaki ikatwe na kufungwa katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja vilivyobapa, kwa sababu bonge la kilo tano huchelewa kuganda katikati, na ukilihitaji utalazimika kuliyeyusha lote.

Hatua ya nne, ambayo naomba isomwe kwa makini: pika pilau kwa awamu mbili, na awamu ya pili ianze baada ya kuwaona wageni. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huhimili moto wa kupikia. Pilau ikikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huchipua na kutoa sumu isiyoondolewa kwa kupasha moto. Hotpoti iliyofunguliwa na kufungwa tangu saa sita mchana huwa vuguvugu kabisa ifikapo jioni, ingawa mvuke kwenye mfuniko humfanya mtu aamini kwamba chakula bado ni salama. Kinachobaki kitandazwe kwenye sinia kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kisha kipashwe moto mara moja tu hadi kitoe mvuke kote.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi hatuna friji. Je, pilau ya mchana tunaweza kuila asubuhi?
Jibu: Marahaba. Hapana, isilale. Gawa sehemu ya majirani mara tu inapoiva, kabla haijafika mezani, maana huko mezani miiko na mikono hupita mingi.

Swali: Umeme ukikatika, nyama iliyogandishwa itadumu kwa muda gani?
Jibu: Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa takribani saa 48, na iliyojaa nusu, kwa takribani saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Wakatazeni watoto kuifungua kila mara kutafuta soda.

Swali: Mama mkwe anasema nikipakua kidogo nitaonekana nawabania wageni.
Jibu: Pakua kidogo, lakini rudi mwenyewe na sinia kuwaongeza kabla hawajaomba. Mgeni anayeongezwa mara mbili hana la kulalamika, na kilichobaki kwenye sinia bado kinafaa kuliwa, tofauti na kilichobaki kwenye sahani ya mtu.

Swali: Mabaki ya mezani tuwape nguruwe?
Jibu: Maganda ya ndizi na mboga mbichi ni sawa, na ng'ombe pia huyala. Mabaki yenye nyama ya nguruwe msiwape kamwe, kwa kuwa ndiyo njia mojawapo ya kueneza homa ya nguruwe, ambayo haina tiba. Yafukieni kwa kina shambani, mbwa wasiweze kuyafukua.