Somo: "downplay" si kupunguza

Nimeulizwa neno hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

Hatua ya 1: Maana. Kulisema jambo kana kwamba ni dogo kuliko lilivyo. Nahodha anaona ziwa limechafuka, anawaambia abiria "vijiwimbi tu hivi". Hiyo ndiyo downplay.

Hatua ya 2: Wakati uliopita ni downplayed. Y inabaki.

Hatua ya 3: Hapa niliharibu, someni taratibu. Nilikuwa mwandishi wa barua kwenye kampuni ya minofu ya sangara hapa Mwanza. Lori likakwama, barafu ikaanza kuyeyuka, tukahangaika mpaka ucheleweshaji wa saa sita ukawa wa saa mbili. Nikamwandikia mteja: We downplayed the delay. Nilitaka kusema tumeupunguza. Yeye akaelewa tumemficha ukubwa wake, akadai vipimo vyote vya joto la masanduku. Ilipaswa kuwa reduced. Downplay haigusi saa wala barafu, inagusa maneno tu. Muwe waangalifu na minimize pia: inabeba maana zote mbili.

Hatua ya 4: Usiongeze on. Ni downplay the risk, basi.

MASWALI

Mdau, Igoma: Kwa hiyo mkuu maana yake ni kupunguza?
Jibu: Hatua ya 3. Hata kichwa cha somo kimesema.

Dada, Nyegezi: Naweza kusema He downplayed me? Na underestimate je?
Jibu: Swali zuri, dada. Mtu akidunishwa ni belittle. Downplay inataka jambo: my role, the illness. Underestimate ni kukosea makadirio. Anayefanya downplay kwa kawaida anaujua ukubwa wenyewe. Na si lazima awe mwongo: mtu mnyenyekevu hufanya hivyo kwa mafanikio yake. Ukiligawa neno, ni play down, na it inakaa katikati: play it down. Kinyume chake play up.

Mzee, Kirumba: Sisi mwaloni tunasema "kulifunika".
Jibu: Shikamoo mzee. Kulifunika ni cover up, jambo halisemwi kabisa. Hapa linasemwa, ila kwa wepesi.

Mzee, Kirumba: Marahaba. Na barafu mlipangaje?
Jibu: Chini, juu, na kati ya kila safu.

Mzee, Kirumba: Na pembeni, mwanangu. Ukuta wa sanduku ndiko joto linakoingilia.