Jinsi ya kuchimba majina ya vitabuni kwenye nyimbo za indie rock

Ukisikia jina usilolijua kwenye wimbo usilipite hivi hivi, mara nyingi utamu wote uko hapo. Tutumie wimbo wa Stuck Between Stations wa The Hold Steady, bendi ya Marekani ya indie rock (rock ya bendi zisizotegemea kampuni kubwa za muziki), ndo inafungua albamu yao ya 2006, Boys and Girls in America.

Hatua ya 1: sikiliza bila kusoma kitu, andika kila jina unalosikia, la mtu, la mtaa, la timu. Hapa utaondoka na Sal Paradise, John Berryman, Washington na Golden Gophers.

Hatua ya 2: gugo jina moja moja. Sal Paradise ndo msimulizi wa On the Road, riwaya ya Jack Kerouac ya 1957, na jina la albamu nzima limetoka kwenye maneno yake kwamba vijana wa Marekani wakiwa pamoja wanakuwa na huzuni sana.

Hatua ya 3, na hii usiifanye kwa haraka: tafuta mahali. Washington hapa sio ule mji mkuu, ni Washington Avenue, barabara ya mji wa Minneapolis jimbo la Minnesota, kuna daraja linavuka mto Mississippi pale pale University of Minnesota, na Berryman alikuwa mshairi anafundisha chuo hicho, alipata tuzo ya Pulitzer 1965, pombe ikamsumbua miaka mingi, na Januari 1972 akajirusha kutoka kwenye daraja hilo akafa. Golden Gophers nao ni timu za chuo hicho hicho, na Craig Finn anayeimba amekulia Minnesota, kwa hiyo anaimba habari za kwao.

Hatua ya 4: angalia mwandishi kaongeza nini chake. Finn anamtembeza Berryman na shetani mpaka mtoni, halafu mwanamke anamwambia Berryman: "maneno unayajua kweli, ila hayatakuokoa." Sasa mrudie Sal, ambaye naye ni mwandishi, utaona wimbo unamuuliza kila anayeandika kama kuandika kunamsaidia mtu mwenye maumivu, na mimi naona ndo maana unauma hivyo.

Hatua ya 5: sikiliza tena. Tafsiri yako isiposikika kwenye sauti yenyewe, iache.

Ukimaliza jaribu Cemetry Gates ya The Smiths, bendi ya Uingereza, ya 1986: wamo waandishi Keats, Yeats na Wilde, na kuna mstari wa Richard III ya Shakespeare umepindishwa kidogo, utafute mwenyewe.